Mstari Mmoja wa Mzee Kalenda

Alianza hapa kwa kuosha magari. Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, atavua ovaroli yake ya bluu akiwa fundi mkuu wa injini, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne katika gereji yetu. Katika miaka yote hiyo alichelewa kazini asubuhi moja tu, alipokuta gari la meneja limezima njiani akalitengeneza pale pale. Na kwa kuwa meneja ndiye anayetunza daftari la mahudhurio, siku hiyo haikuandikwa popote.

Meneja ameniomba mimi niandike wasifu huu kwa sababu natunza stoo ya vipuri, na kila nati aliyoifunga mzee huyu kwa miaka mitano iliyopita ilipita kwanza mikononi mwangu. Amenipa sharti moja. Kwa kuwa nina wiki sita tu tangu nifunge ndoa, nisimtaje mume wangu kila baada ya sentensi mbili. Nimekubali kwa moyo mweupe. Lakini mtaona mbele kwamba hadithi ya mzee huyu haikamiliki bila yeye, na hapo meneja anisamehe tu.

Jina la Mzee Kalenda alipewa na mafundi kwa sababu ya mtindo wake wa kazi. Gari likishamalizwa, hatandiki turubai chini ya injini. Anatandika kurasa za kalenda kuukuu, upande mweupe juu, na gari linalala hapo hadi asubuhi. Karatasi ikiwa kavu, mteja anapewa ufunguo. Ikiwa na tone, hata dogo kama kichwa cha pini, gari haliondoki. Kila Januari kinyozi, fundi cherehani na mwenye duka la dawa humletea kalenda zao za mwaka uliopita, na yeye huzipokea kama mtu aliyeletewa kitambaa cha suti.

Wengi wenu mnakumbuka siku alipozuia gari la mama mmoja mpaka adhuhuri kwa tone moja la njano. Alikagua injini, akakagua gia, akafungua alivyovifunga. Mwishowe akachovya kidole kwenye lile tone na kulinusa. Yalikuwa mafuta ya nywele, yametoka kwenye chupa iliyopinduka ndani ya mkoba chini ya kiti, yakapenya hadi nje. Mzee hakucheka hata kidogo. Aliomba ile chupa, akaizungushia utepe wa kuzuia mvujo kwenye kifuniko, akaipindua juu ya karatasi safi, akasubiri dakika kumi. Ndipo mama akaruhusiwa kwenda kazini.

Amefundisha mafundi kumi na wanne. Wawili kati yao sasa wana gereji zao, na bado humpigia simu na kumwekea simu karibu na injini ili asikilize. Lakini jambo analolijali kuliko sifa zote ni daftari la marejeo. Kwa walio wageni, hilo ni daftari jeusi lililo juu ya meza ya mapokezi, ambamo kila fundi ana ukurasa wake. Gari likirudi na tatizo lile lile, linaandikwa: tarehe, gari, na sababu ya kurudi. Fundi anayestaafu bila gari hata moja katika ukurasa wake, jina lake linawekwa kwenye ubao ulio juu ya mlango wa chumba cha zana. Ubao huo ulitundikwa kabla hajaajiriwa. Mpaka leo una vumbi tu.

Ukurasa wa Mzee Kalenda una mstari mmoja. Mstari huo ni wa gari la mume wangu.

Enzi hizo hakuwa mume wangu. Alikuwa mwalimu wa fizikia mwenye gari jekundu la michezo, la milango miwili na siti mbili, la chini kiasi kwamba akishuka ilikuwa kama mtu anayetoka shimoni. Alikuja akilalamika kwamba kwenye mlima wa kwenda shuleni kwake, mshale wa joto la oili unapanda hadi kwenye wekundu na injini inaanza kugonga. Mzee alimwambia gari linahitaji kipoza oili, ile rejeta ndogo ambayo oili hupitishwa ikapigwe na upepo kabla ya kurudi kwenye injini.

“Basi fundi, nipe kikubwa kuliko vyote,” mwalimu alisema.

“Kikubwa ukakiweke wapi, bwana mdogo? Kwenye siti ya mchumba?”

“Siti hiyo iko wazi, mzee wangu,” alijibu, na akaangalia dirisha la stoo. Mimi nilikuwa nahesabu washa, vile vipete vya kukalia nati. Nilianza upya mara tatu.

Kesho yake alileta hesabu kwenye karatasi ya miraba kuthibitisha kwamba kipoza cha mistari ishirini na mitano ya vijibomba ndicho kinachofaa. Mzee aliisoma yote, akasema hesabu iko sawa kabisa, kisha akaigeuza na kuitandika chini ya injini. Akamweleza kwa upole kwamba oili ikipoa kupita kiasi inakuwa nzito kama asali na haikimbii inakotakiwa, kwa hiyo injini inaumia kwa baridi kama inavyoumia kwa moto. Akachagua cha mistari kumi na mitatu, chenye themostati inayoizuia oili isipite huko mpaka iwe imepata joto lake. Mimi nimeolewa juzijuzi tu, lakini nadhani hata nyumba inaendeshwa hivyo.

Kisha ikaja kazi ya kutafuta mahali. Alikata boksi la filta likawa na ukubwa wa kipoza, akalijaribisha kila pembe. Mbele ya rejeta alikataa, kwa sababu kingeinyima upepo. Chini ya sakafu alikataa kwa ajili ya mawe. Ikabaki nyuma ya tundu la bampa upande wa kushoto, lakini akataka kwanza kujua kama upepo unafika hapo. Akabandika nyuzi za sufu kwenye tundu lile, akamwambia mwalimu aendeshe, na yeye akapanda nyuma ya pikipiki ya fundi matairi, wakawa wanakwenda sambamba na gari barabarani, mzee ameinama na kofia mkononi, anakagua nyuzi zinavyolala. Watu walisimama kando ya barabara wakidhani kuna anayefukuzwa.

Kazi yenyewe aliifanya kwa siku nne. Kila siku mwalimu alitumwa stoo kuchukua kitu kimoja: leo mipira ya kukalishia kipoza kisitikisike, kesho washa, keshokutwa vibano vya kushikilia mabomba ya oili yasiguse ekzosi. Alisimama dirishani kwangu akisoma namba ya bomba kama anasoma barua iliyotoka mbali. Siku ya nne mzee alikijaza kipoza oili, akafunga, akawasha, akaongeza oili iliyopungua. Asubuhi karatasi ilikuwa kavu. Kwenye mlima mshale ulisimama katikati, ukatulia. Ilikuwa Jumanne.

Ijumaa gari likarudi linavuja.

Fundi bodi alizima mashine yake. Mzee alitandika ukurasa wa kalenda chini ya injini, akapiga magoti, akaitazama nati ya bomba la juu kwa muda mrefu, akamtazama mwalimu, kisha akatazama dirisha la stoo, ambako mimi nilikuwa najifunga kitambaa upya bila sababu ya maana. Akaikaza nati. Haikuchukua hata dakika mbili. Akaenda mwenyewe kwenye daftari jeusi akaandika tarehe na gari. Kwenye sababu ya kurudi hakuandika kitu. Halafu akauokota ule ukurasa wa kalenda, sasa una tone, akanipa. Tone lilikuwa limepenya hadi upande wa pili, juu ya tarehe kumi na tisa. “Itunze hii, mwanangu,” alisema. Nilidhani amechanganyikiwa kwa huzuni.

Kwa miaka miwili alitaniwa. Fundi umeme hakumwacha: “Mzee, macho yamekwisha, bomba limekushinda!” Naye alicheka tu akaenda kunawa mikono. Familia zetu ziliposhindwa kukubaliana siku ya harusi, mimi nilitoa ule ukurasa, tukaoana tarehe kumi na tisa. Mzee alicheza hadi viatu vikamshinda, akamalizia pekupeku.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike wasifu huu mara mbili. Jumapili iliyopita nilikuwa namsomea mume wangu rasimu ya kwanza tukiwa mezani. Nilipofika “gari moja tu lilirudi,” akaacha kutafuna.

“Ile nati niliilegeza mimi,” akasema. “Kidogo tu. Gari lilishapona, na mimi sikuwa tena na sababu ya kuja.”

“Si ungekuja kununua hata plagi!”

“Nilishanunua nane, mke wangu. Gari lina nne.”

Nilikasirika kwa robo saa, na tangu hapo nina furaha ambayo meneja amenikataza kuieleza. Jumatatu tulikwenda wote wawili kwa mzee kuomba radhi. Hakushangaa hata kidogo. Alisema aliona siku ile ile kwamba nati imechubuliwa na spana ya kupanua mdomo, ile ambayo jina lake la gereji siwezi kuliandika hapa kwa sababu wakwe zangu watasoma, na yeye hajawahi kuitumia spana hiyo kwenye bomba la oili.

“Ningeandika ukweli, bwana mdogo angeona aibu asirudi tena,” alisema. “Ningeandika uongo, daftari lingekuwa na uongo. Nikaacha wazi. Nilijua siku moja mwenyewe atakuja kujaza.”

Kwa hiyo, wapendwa, Ijumaa kabla ya hotuba ya meneja, mume wangu atasimama mbele yenu na kalamu, ajaze ile sehemu kwa mkono wake. Meneja amekwisha kuthibitisha kwamba gari lililoharibiwa na mwenyewe halihesabiwi kwa fundi. Mchora mabango amemaliza kibao cha jina tangu jana, na skrubu mbili za kukifungia ubaoni nimezitenga mimi stoo, mpya. Fundi umeme ameomba yeye ndiye ashike ngazi.

Mzee wetu, asante kwa injini zote ulizotutengenezea, na kwa kukubali kuchekwa miaka miwili ili mimi niolewe. Tunakutakia afya njema, asubuhi zisizo na haraka, na simu isiyowekwa karibu na injini ya mtu. Na ukisikia gari jekundu limesimama mlangoni kwako, usihangaike kutafuta karatasi. Tutakuwa tumekuja kukusalimia tu.