Viatu vya Mama Vestine Vinatazama Nje

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Mama Vestine Sebarenzi anastaafu tarehe 30 Juni. Nchi nzima itakuwa ikisherehekea uhuru, naye anachukua wake. Hatumlaumu, ingawa roho inatuuma.

Mzaliwa wa Kingi, binti wa wakulima wa maharagwe, alianza kwetu kama muuguzi wa wodi ya wazazi, kisha akahamia bloku, yaani chumba cha upasuaji, na hakutoka tena. Ana mdomo Mama huyu, na tunampenda nao. Mgonjwa akivua viatu mlangoni, yeye huinama na kuvigeuza vitazame nje, kwa maana mwenyewe atarudi kuvivaa. Siku moja Daktari Léonard, mpasuaji wetu, alivisukuma kwa mguu bila kujua. Alikuwa ameshanawa mikono, lakini alirudishwa akavipange, kisha akanawe upya. Alitii, nani angebisha?

Kazi yake kubwa, hata hivyo, ilifanyika kabla ya mlango huo. Wanawake walitufikia kutoka Mpofi, wengine hata kutoka Hombo, matumbo yamevimba, wameshaambiwa ni mimba, au ni karuho, ile sumu wanayosingiziwa majirani. Ukoo mzima ulikuja kuamua. Mama Vestine aliwatuma mashemeji jikoni wakapike, akabaki na mgonjwa, akamweleza kansa ya ovari bila kumficha. Ikiwa ugonjwa uko upande mmoja tu na bado anatamani kuzaa, daktari anaweza kutoa ovari hiyo na mrija wake, akaacha ya pili pamoja na mji wa mimba. Ukienea, vyote hutolewa, pamoja na mafuta yanayofunika utumbo, kisha dawa za kansa hufuata. Mwishoni alimwuliza anataka nini, na jibu hilo ndilo alilompelekea daktari.

Mwaka jana tumbo lililovimba lilikuwa lake. Alisingizia maharagwe mpaka ekografi, ile picha ya tumbo, ilipoonyesha uvimbe kwenye ovari zote mbili. Daktari Léonard alipomwuliza anataka nini, alisema kwa sauti ndogo kwamba vyote vitolewe. Asubuhi ya upasuaji alivua viatu mlangoni na kuviacha vinatazama ndani. Mimi nimpaye mgonjwa dawa ya usingizi niliviona, Daktari aliviona, tukavipita. Fifi, msafishaji wetu, aliweka ndoo chini, akainama, akavigeuza.

“Fifi, viweke mbali kidogo na ukuta,” Mama akasema. “Miye nitavirudilia.”

Upasuaji ulichukua asubuhi yote, na uvimbe wote ulioonekana ulitolewa. Dawa za kansa, zile za mjini, zikafuata, nywele zikaondoka, halafu siku moja akatokea bloku amejifunga kitambaa cha njano na kutugombeza kwa sababu ya vumbi. Nililia kwa furaha, na sioni aibu kuliandika hapa. Vipimo vyake vya karibuni ni vizuri.

Asante, Mama, kwa kila mwanamke uliyempa nafasi ya kusema. Tarehe 30 tutakusindikiza mpaka mlangoni. Fifi ameshatutangazia kwamba viatu siku hiyo ni kazi yake, mtu asiviguse. Utavikuta vinatazama njia ya Kingi. Vivae polepole, Mama wetu, ukale maharagwe yako kwa amani, na uishi sana.

Mumbere, kwa niaba ya wote wa bloku