Miaka Thelathini na Mmoja Kando ya Pampu: Tunamuaga Mama Kiganja

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha kusukuma maji, fundi mkuu wa mitambo, tunayemwita Mama Kiganja, anastaafu. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza: kila asubuhi alipita akibandika kiganja kwenye pampu moja baada ya nyingine, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Binti yake anasema hata friji ya nyumbani haikusalimika.

Alianza kama msaidizi, kazi yake kufuta mafuta na kushika tochi. Aliyemfunza alikuwa fundi mmoja mpole ambaye pia alibadilisha betri za kipimo cha mtetemo nyuma ya pampu namba nne, penye upenyo wa mkono mmoja tu, mtambo ukiwa unazunguka ili maji yasikatike. Siku moja shati lake lilinaswa. Alipoteza vidole viwili. Mama Kiganja ndiye aliyekimbilia swichi.

Tangu hapo alishikilia neno moja: kipimo kile kijilishe umeme chenyewe, bila betri. Alikuwa amesoma kuhusu vipande vyembamba vya kauri, aina ya udongo uliochomwa, ambavyo vikipindwapindwa hutoa umeme kidogo, na pampu zetu, alisema, hazijui kutulia. Kipande cha kwanza kilivunjika siku ya pili. Cha pili kiligoma, kwa sababu mtikisiko wake haukulingana na wa pampu. Kwa miezi saba alikiongezea uzito kwenye ncha, tone moja moja la risasi ya kuchomelea, mpaka kipande na pampu vikaenda mdundo mmoja. Meneja alipouliza kama umeme huo ungechemsha birika la chai, alimjibu kwamba haungepasha hata kijiko, ila ungetosha kutuma namba za mtetemo kila baada ya dakika kumi. Ukatosha.

Mtihani ulikuja katikati ya kiangazi. Kipimo cha pampu namba nne, inayolisha nusu ya mji, kilianza kutuma namba za ajabu.

“Kidude chako kimechoka, mama,” msimamizi wa zamu alimwambia.

“Kingechoka kingenyamaza,” alijibu. “Hiki kinalia.”

Akaizima pampu kwa saini yake mwenyewe. Nusu hiyo ikakosa maji, simu zikaita bila kupumua. Akafungua boliti pamoja na mafundi wa zamu. Ndani walikuta beringi inayobeba mhimili wa pampu imepasuka. Siku moja zaidi na mhimili ungekatika, na kiangazi kizima tungekuwa tunaomba radhi. Jioni maji yalirudi. Msimamizi alimletea chai mwenyewe, sukari vijiko vitatu.

Leo pampu zote kumi na mbili zina vipimo vya aina hiyo, na kwa miaka tisa hakuna aliyeingiza mkono kwenye upenyo ule. Katika mengi aliyoyafanya hapa, hilo ndilo tunalolitaja kwanza.

Asante, dada yetu, kwa ukali wako uliotufikisha nyumbani wazima. Tunakuombea afya tele na asubuhi zisizo na haraka. Umetuonya kwamba hutapokea simu ya kazi kabla ya saa nne. Tumesikia. Tutapiga saa nne na dakika moja.