Raketi Iliyofungwa Kamba ya Mgomba

Jovitus aliwapakia abiria wawili kwenye bodaboda yake kwenda kanisani Ihembe, na masikio akayaelekeza nyuma kwenye maongezi yao. Mmoja wao, Mzee Theoneste, alikuwa ameiona raketi ya tenisi ya meza ya abiria mwenzake, Kokwijuka, mpini umefungwa kwa kamba ya mgomba.

“Binti, badilisha hiyo. Raba inang’aa kama upara, mpira utateleza.”

“Baba, jembe la mama limelika likabaki kama kijiko, na ndilo tunalopalilia migomba, maana halikati mizizi.”

“Jembe halichezi na mpinzani. Hiyo ukingoja ivunjike, itakuvunjikia katikati ya mechi.”

Jovitus, ambaye hajawahi kubadilisha kitu kabla hakijakatika, alimuunga mkono Kokwijuka kimoyomoyo. Kwenye mteremko wa kanisa akakanyaga breki. Pikipiki ilisimama, ila lango la kanisa walikuwa wameshalipita.