Asteria Medard, Aliyefika Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo, na ndugu zetu Waislamu, asalaam aleykum. Mimi ni Amedeus, mdogo wa marehemu, nasoma haya kwa niaba ya familia, nami sitaongeza chumvi, maana mwenyewe asingekubali.

Dada Asteria alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 hapa Kiwangwa, mtoto wa kwanza wa mzee Medard, aliyetangulia, na mama yetu Genoveva, tuliye naye hapa. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, akamaliza sekondari kwa masista Morogoro mwaka 1986, na mwaka 1990 akaanza kuliandikia gazeti moja la Dar es Salaam akiwa Bagamoyo. Tarehe 7 Januari 1995 alifunga ndoa na mwalimu Yosefu, wakajaliwa watoto wawili, Hope na Medard, aliyepewa jina la babu.

Tarehe 11 Machi 2006 basi lilipinduka karibu na Msata, redio moja ikatangaza kwamba hakuna aliyepona, na mama, akijua nimo ndani, akaanguka chini. Dada alipanda pikipiki hadi zahanati, akapita kitanda kwa kitanda akiandika majina, akatukuta abiria wote tu hai, mimi na mkono uliovunjika, kisha akarudi Kiwangwa kumwambia mama kwa mdomo wake, ndipo akapiga simu chumba cha habari. Mhariri alimfokea kwa kuchelewa, akamwondoa kwenye habari za ajali, akampa za kilimo. Hakununa hata siku moja, aliandika mananasi miaka kumi na minane, na wakulima wengi mlio hapa mlitoka gazetini kwa sababu yake, wengine na picha mnazojisifia mpaka leo.

Figo zilianza kumsumbua Mei 2024. Alipolazwa Bagamoyo alinishika mkono, akaniapisha kwamba mama asisikie kifo chake kwenye simu ya mtu. Alifariki tarehe 3 Februari 2025, saa moja asubuhi. Niliondoka papo hapo kuja Kiwangwa, maana habari siku hizi haingoji mtu avae viatu. Nilimkuta mama akimenya mihogo, nikamwamkia shikamoo, akaweka kisu chini akasema, "Umekuja mwenyewe. Basi amekwenda."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchimba, na wanahabari wenzake. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Mikdad wa redio ya jamii, aliyekuwa na habari hii tangu saa moja na nusu, akasoma taarifa mbili nzima za habari bila kuitaja, mpaka nilipompigia nikiwa nimeketi na mama.

Dada, nilikupenda sana. Mama aliisikia kwangu. Pumzika kwa amani.