Aron Aliacha Tumbaku Mwaka wa 1979

Bwana asifiwe, chamgei, hamjambo nyote, mimi ni Chepkemboi, dada mdogo wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea safari yake hapa duniani, najua wengine walitaka isomwe na mtu mwenye ulimi mpole, lakini mpole hakupatikana.

Marehemu Aron Kipngetich arap Koros alizaliwa tarehe 14 Aprili 1938, hapa Merigi, akaanza shule mwaka wa 1947, akafika darasa la nne, akaachia hapo kwa sababu baba alitaka mtu wa kuchunga ng'ombe.

Mwaka wa 1957 aliandikwa kazi katika kiwanda kimoja cha chai upande wa Kericho, akawekwa kwenye boila, kulisha moto kuni, na huko ndiko alikojifunza kuvuta kiraiko, tumbaku ya kusokota kwa karatasi, kwa maana aliyevuta aliruhusiwa kutoka nje apumzike, na asiyevuta aliambiwa aendelee na kuni.

Tarehe 6 Januari 1962 alimwoa Rael Chepkurui wa Chebunyo, wakabarikiwa na wasichana watatu na mvulana mmoja, wote wako hapa, pamoja na wajukuu ambao sasa hivi wako jikoni wanatumalizia chai.

Tarehe 9 Desemba 1979 aliokoka kwenye mkutano wa injili hapa hapa Merigi, na kwa desturi ya kanisa letu, anayeokoka huleta mbele kile kilichomfunga, basi akaleta mkebe wake wa tumbaku, ukachomwa watu wote wakiona, na mzee Kipyegon, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, nakuona hapo mbele, kiberiti kilikuwa chako. Tangu siku hiyo hakuweka moshi mdomoni tena, na mwaka wa 1985 mkamfanya mzee wa kanisa, akatumika vizuri, akastaafu kiwandani mwaka wa 1993 akarudi kwa chai yake na ng'ombe wake.

Mwezi wa Mei 1997 alianza kukohoa, akatibiwa kifua kikuu, hakupona, na Februari mwaka huu, huko Nakuru, Daktari Apiyo alitoa kipande kidogo cha pafu, kikapimwa, akatuambia ni saratani, na kwamba chanzo ni tumbaku. Habari ilifika Merigi kabla yetu, lakini ilifika imepinda, kwamba ugonjwa wa tumbaku ni wa mtu anayevuta, kwa hiyo Aron alikuwa anavuta kisiri. Wazee wa kanisa walikuja kumwombea, wakanusa koti alilojifunika, wakatazamana, na koti hilo lilikuwa la Seth Ogola, rafiki yake wa boila, ambaye hajaacha kuvuta hata leo, aliyemfunika nalo siku ya baridi. Tarehe 14 Juni akavuliwa uzee wa kanisa, akanyimwa Meza ya Bwana, na hakuna aliyemuuliza. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nilirudi kwa daktari nikamuuliza wazi kama kaka yangu ametudanganya. Akanieleza polepole kwamba kila chembe ya mwili ina jeni, yaani maagizo ya urithi yanayoiambia lini ikue na lini iache kukua, na moshi huyaharibu maagizo hayo kidogo kidogo, leo hapa, mwaka ujao pale, mtu akiwa mzima, anakula, anachuma chai, hakohoi kamwe, na chembe iliyoharibika ikijigawa inaziachia zinazofuata kosa lile lile, kama vile ukikata miche kwenye mchai mbaya, kitalu chote kinaharibika kabla hujajua. Alisema anayeacha anafaidika sana, hatari yake hupungua mwaka hadi mwaka, na nyinyi vijana mnaovuta nyuma ya hema mnisikie, lakini makosa mengine yaliyokwisha kuingia hubaki, yakaongezewa mengine polepole, hata miaka ishirini. Nilikuja nikawaeleza wazee, wakaniambia mambo ya hospitali ni ya hospitali.

Aron mwenyewe hakutaka ugomvi. Alimwambia Rael neno moja tu, "Siku ya kunizika, wasome kwamba niliacha." Alituacha tarehe 17 Septemba 1998, saa kumi na moja asubuhi, nyumbani kwake, bila kuishiriki Meza ya Bwana.

Tunamshukuru Daktari Apiyo na wauguzi wake, majirani mliomkamulia ng'ombe na kumchumia chai miezi hiyo yote, wenzake wa kiwandani, na wewe Ogola, uliyekuja kila wiki, koti lako limefuliwa, utalichukua kwa Rael.

Sasa, mzee wa kanisa hubebwa na wazee wenzake, hiyo ni desturi yenu wala si yangu, lakini leo nimeambiwa vijana wa ukoo ndio watakaobeba. Vijana, kaeni chini. Mzee Kipyegon, siombi useme neno lolote, jeneza liko hapa, na upande wa kichwa hauna mtu, sisi tutangoja.

Aron, imesomwa kwamba uliacha, pumzika sasa kwa amani.