Bi Makofi Aliyekalia Mikono Yake

Kofi moja, kisha kimya. Kituo chetu kina vilio, simu zisizopokelewa na milango inayobamizwa kutwa nzima, lakini sauti iliyobaki kichwani mwangu ni hiyo: viganja viwili vilivyokutana mara moja, pa, vikaachana hewani na visikutane tena. Ni vya mtaalamu wetu mkuu wa tiba ya usemi, ambaye sote, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, tunamwita Bi Makofi. Tarehe thelathini ya mwezi huu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwafundisha watoto kusema.

Nimeombwa niandike wasifu wake kwa jarida letu, na niuandike kwa furaha. Furaha ipo, ila haitulii. Nimejaribu kuandika nikiwa nimekaa, nikashindwa, nikahamia dirishani. Labda ameniambukiza yeye. Hakuna anayekumbuka Bi Makofi akimaliza kikao akiwa kitini. Huanza mezani na wenzake, ajenda ya pili ikifika yuko mlangoni, na hoja zake nzito huzitoa akiwa ameegemea kabati la faili kama mtu anayesubiri kuitwa. Chai yake husahauliwa popote alipopita. Wafagiaji wanasema ukitaka kujua Bi Makofi alikuwa wapi asubuhi, fuata vikombe.

Alianza kazi kama mwalimu wa watoto wadogo. Kila mwaka, anasimulia, palikuwa na mtoto mmoja aliyekalishwa nyuma ya darasa kwa sababu "mdomo wake mzito", na kila mwaka yeye alikosa usingizi kwa ajili ya huyo mmoja. Mwishowe akaacha darasa akaenda kusomea tiba ya usemi. Alipofika hapa, kituo kizima kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, upande wa pili wakipimwa watu macho. Watoto wake walijua kutaja herufi kabla ya kujua kutaja majina yao, kwa kuwasikiliza wazee wakizisoma ukutani.

Jina lake lilitokana na kazi. Mtoto akitoa neno, hata nusu ya neno, Bi Makofi alimpigia makofi. Kuta zetu ni nyembamba, basi na chumba cha jirani kilipiga, karani wa mapokezi alipiga, na wazazi waliokuwa kwenye benchi walipiga pia bila kujua wanampigia nani. Ikawa desturi ya nyumba. Mzazi mmoja mgeni alipoambiwa kwamba mwanawe ataingia kwa Bi Makofi, alimbeba mtoto akaondoka naye, akisema kama ni makofi tu, hata kwao yapo. Mlinzi ilibidi amkimbilie barabarani kumweleza.

Jicho lake lilikuwa kali kuliko mikono yake. Palikuwa na mtoto aliyelia asubuhi na kucheka mchana, na sote tulisema huyo hapendi kuamka. Bi Makofi alipiga magoti, akanusa sakafu, akaomba dawa ya kupigia deki ibadilishwe. Mtoto akaanza kucheka asubuhi pia. Mwingine hakutamka kitu akiwa mezani, lakini kwenye bembea maneno yalimtoka kama maji ya bomba. Kwa hiyo bembea ikafungwa ndani ya chumba cha tiba, mkurugenzi akashika kichwa, na fundi wa dari akaitwa mara mbili. Bi Makofi alitufundisha kwamba kabla ya kuuliza mdomo una nini, uulize kwanza mwili unakimbia nini, au unatafuta nini.

Hata hivyo, jambo lililombadilisha yeye mwenyewe lilitokea mwaka niliojiunga na kituo, na nilikuwa chumbani kama msaidizi wake.

Aliletwa binti wa fundi mchomeleaji, mwenye miaka mitano, mwembamba, na mwenye meno ambayo wengi wetu tuliyafahamu kwa mikono yetu. Wiki za kwanza alitamka maneno mapya, moja leo, moja kesho kutwa. Tulishangilia jengo zima. Kisha maneno yakaanza kupotea. Neno alilolisema jana, leo akionyeshwa picha yake anaitupa kadi, anapindua kiti, anauma. Tukaandika kwamba anajua ila hataki. Tukaandika ukaidi. Bi Makofi alimpa blanketi zito la kujifunika, akapunguza mwanga, akamruhusu avue viatu. Haikusaidia kitu.

Aliamua kuanza kumfundisha neno moja tu, "basi", ili mtoto akichoka awe na kitu cha kusema badala ya kitu cha kurusha. Baba yake hakupendezwa. Alitaka kusikia "baba", na ilikuwa haki yake. Alisema kwa upole kwamba hajatoka mbali kote kule ili binti yake afundishwe kukataa. Kukataa anakujua, anakusema kwa meno. Bi Makofi alicheka hadi akajishika ubavu, kisha akamwuliza kama kelele zinamsumbua mtoto. Fundi akasema haiwezekani, mtoto anashinda karakanani, mashine ya kukatia vyuma inanguruma mchana kutwa na yeye anacheza pembeni.

Jibu hilo lingetosha kwa mtu mwingine. Bi Makofi lilimkera siku nzima. Kesho yake alikwenda karakanani, na akanichukua.

Tulisimama kwenye cheche na harufu ya chuma. Mtoto alikuwa akipanga nati chini. Kila mara baba alipotaka kuwasha mashine alishusha kioo cha kukinga uso. Mtoto alikiona, akaziba masikio, mashine ikawaka, na baada ya muda akaachia masikio akaendelea na nati zake. Baba hakujua kwamba anampa ishara, wala mtoto hakujua kwamba anaipokea. Bi Makofi alitazama hivyo mara kadhaa. Njiani kurudi aliniambia kwamba kelele inayotangulizwa na ishara mtoto huyu anaiweza; ya ghafla ndiyo inayomtisha.

Siku iliyofuata mtoto alikaa mezani, akachoshwa na kadi, akaifunika kwa kiganja chake na kusema, "Basi." Lilikuwa wazi kabisa. Mikono ya Bi Makofi ilikuwa imeshapanda kwa mazoea ya miaka. Ikakutana mara moja. Mtoto aliingia chini ya meza akaziba masikio, na Bi Makofi akaiweka mikono chini ya mapaja yake, akaikalia. Upande wa pili wa ukuta walishaanza kupiga, nikatoka mbio kuwanyamazisha. Niliporudi bado alikuwa ameikalia, na machozi yanamtoka bila mkono wa kuyafuta. Tulingoja. Kichwa kikachungulia ukingoni mwa meza, macho yakatafuta mikono iko wapi, yasiione.

"Basi," akasema tena. Kadi ikaondolewa, kimya kimya, na hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo ilikuwa zawadi.

Katika kikao cha wiki ile Bi Makofi hakuegemea kabati. Alisimama katikati.

"Kila mara mtoto yule aliposema neno, mimi nilimwadhibu," alisema, "na adhabu yenyewe nikaiita pongezi. Akawa na akili ya kunyamaza, nasi tukamwita mkaidi."

Ni wachache wanaoweza kusema hivyo mbele ya wafanyakazi waliowafunza wenyewe. Tangu siku hiyo hatupigi makofi kabla ya kujua mtoto anapenda kupongezwa vipi. Wengine bado wanayataka, tena kwa shangwe. Wengine wanataka kubanwa mabega, au mapovu ya sabuni, au kuachwa tu. Jina lake halikubadilika. Tulipendekeza tumwite vingine, akasema liacheni, linanikumbusha.

Tangu hapo saa nane mchana ikawa saa ya wale waliorudishwa na vyumba vingine: wanaokimbia, wanaorusha, wanaojiziba, wanaozunguka kama pia. Tunawaita watoto wa saa nane. Binti wa fundi ni mmoja wao. Sasa anasema sentensi za maneno matatu na manne, nyingi za kuamrisha, na baba yake ameshaitwa "baba" kiasi kwamba, anavyolalamika mwenyewe, hapumziki.

Lakini siwezi kuandika kwaheri hii kana kwamba kila kitu kiko salama. Mwezi uliopita tulijadili saa nane itakuwaje yeye akiondoka. Mkurugenzi si mtu mbaya, na hesabu zake ni za kweli: foleni ni ndefu, na mtoto mmoja asiyeketi hushughulisha watu wawili. Alipendekeza watoto hao wakae nyumbani kwanza hadi watulie, kisha warudishwe kujifunza kusema. Bi Makofi alikuwa dirishani na kikombe kilichopoa.

"Mtoto hawezi kusema inatosha, ndiyo maana anarusha kiti," alisema. "Sasa mnataka aache kwanza kurusha kiti, ndipo mumfundishe kusema inatosha?"

"Dada, nimekuelewa," mkurugenzi akajibu. "Nitajie basi nani atakaa nao."

Kila mtu alitazama viatu vyake. Mimi pia. Nilikuwa nimekubaliwa kuhamia wodi ya watu wazima waliopata kiharusi, mahali penye mapazia, sauti za chini na wagonjwa wanaosema asante. Niliitamani sana wodi hiyo. Bi Makofi hakunitazama hata mara moja, na hajanigusia jambo hilo hadi leo.

Bi Makofi, kwa niaba ya wenzako wote, tunakushukuru kwa kila mdomo uliousubiri, na kwa kutufundisha kutazama kabla ya kushangilia. Pumzika, kama unajua kupumzika. Kunywa chai ikiwa moto. Wajukuu wakuchoshe kwa maneno, na afya iwe nawe miaka mingi.

Wodi nimeikataa Jumatatu. Nilianza na wazazi wa saa nane, nikawapigia simu mmoja mmoja kuwaambia waje kama kawaida, na nilipomaliza ndipo nikaenda kumwambia mkurugenzi. Fundi aliniuliza nani atakuwepo. Nikamwambia mimi.