Kotama ya Mgema

Basi la Msambweni lilikuwa halijatoka Kwale vizuri, mzee mwenye kofia ya viua alipoanza kuilaumu hukumu ya asubuhi ile iliyomwachilia mgema. "Mtu akisimama mbele yako na kisu mkononi, amekutishia. Neno lina maana yake."

"Basi wagema wote wafungwe," akajibu bibi wa buibui aliyeketi ubavuni pake. "Yule alikuwa akishuka mnazini. Hiyo kotama, kisu chake cha kugemea, angeishika kwa meno?"

Nyuma yao, Kadzo alificha kicheko katika leso. Mwezi mzima hakuwa amecheka. Mgema huyo alikuwa mumewe. Alipoachiliwa tu alitangulia kwa baiskeli kwenda kuitazama minazi yake.

"Kutishia ni kukuinulia, au kukwambia nitakukata," bibi akaendelea. "Hakimu aliuliza kama aliinua. Jirani aliyemshtaki akanyamaza."

"Kushika kwatosha, bibi."

Basi liliposimama Msambweni, Kadzo alihangaika na kapu lake na furushi la vitu vya mumewe vilivyorudishwa mahakamani. "Lete nikushikie, mwanangu," mzee akasema kwa upole, akalipokea furushi. Leso iliyolifunga ikafunguka, mpini wa kotama ukajaa kiganjani mwake.

Bibi akautazama, kisha akamtazama mzee. "Na wewe sasa, baba, wamtishia nani?"